Mwenye Kusahihisha Aje Mwenyewe

Kwenye kisiwa kile, ukipitwa na habari ujue masikio yako ndiyo yenye kasoro, maana mdomo wa kukwambia upo. Mdomo wenyewe ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye mwanya na kicheko cha karibu, ambaye watu wote, kuanzia watoto wa chekechea mpaka Mwenyekiti wa kijiji, wanamwita Kipaza. Kazi yake ni kutangaza. Asubuhi na jioni hukaa kwenye chumba kidogo begani mwa kilima, akawasha mitambo, akakohoa kusafisha koo, na sauti yake ikamwagika kutoka kwenye vipaza vilivyofungwa juu ya nguzo: gatini, sokoni, zahanati, shuleni, na nguzo ya mwisho kabisa kule chini mchangani, ambako kisiwa kinaisha.

Hatangazi makubwa. Boti ya abiria imechelewa. Fulani kajifungua salama, mtoto kafanana na babu yake, tumwombee abadilike. Mbuzi kapotea, na kwa kuwa tabia ya mbuzi huyo tunaijua, aangaliwe kwanza nyuma ya zahanati. Watu hucheka huku wanapika, huku wananyoa, huku wanagombana, na mwenye mbuzi huenda nyuma ya zahanati akamkuta. Hiyo ndiyo kazi, na Kipaza anaipenda kiasi kwamba hata akiwa na homa hutangaza, kisha anarudi kitandani kuumwa.

Chumba chenyewe, ukinyoosha miguu unagonga mlango. Mna meza iliyoungua pembeni kwa pasi ya mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza. Mna amplifaya ambayo kitufe chake kiling'oka kikawekewa kizibo cha chupa, betri zimejipanga chini ya meza, na maiki imevalishwa soksi ya mtoto ili upepo usiivumishe. Chini ya amplifaya kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ua la nyota katikati, kazi ya mikono ya mama yake. Na mlangoni, kwa rangi ya buluu iliyobaki mtu alipopaka boti, pameandikwa kwa herufi kubwa: MWENYE KUSAHIHISHA AJE MWENYEWE.

Maneno hayo aliyaandika baba yake. Kabla ya Kipaza, kiti kile kilikaliwa na baba, mtu mpole, mrefu, aliyetangaza taratibu kama anayeagiza dawa. Enzi zake watu walikuwa na mchezo wa kutuma masahihisho. Huyu anatuma mtu aseme mbuzi ni mweusi, yule anatuma mwingine aseme ni mweupe, na mzee wa watu anabaki katikati anahangaika. Akachoka. Akaweka utaratibu: aliyeona kosa kwenye tangazo apande mwenyewe, asimame pale mlangoni kwa miguu yake, na hataondoka mpaka kosa lirekebishwe hewani yeye akisikia. Kisiwa kizima kikaufuata utaratibu huo, na mpaka mzee anafariki hakuna aliyewahi kusema chombo kile kimesema uongo. Makosa, ndiyo. Uongo, hapana. Kipaza alirithi kiti, soksi na mlango.

Sasa mteja mkubwa wa mlango ule alikuwa nani? Mama yake mzazi. Kisiwani wanamwita Bi Mkubwa, na akikuangalia tu unaelewa kwa nini. Alikaa mchangani, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, chini kabisa ya nguzo ya mwisho. Kila Kipaza alipokohoa, Bi Mkubwa alikuwa tayari kibarazani, uzi mapajani, sindano ya kufumia mkononi, sikio limesimama. Likipita kosa, hata liwe dogo vipi, uzi unatupwa kwenye mkoba, viatu vinavaliwa, na safari ya kilimani inaanza. Yale magoti aliyokuwa akiyalalamikia zahanati kila mara, siku ya kosa hayaumi kabisa.

"Umesema shangazi yake amewasili na boti," atasema akiwa amesimama mlangoni, jasho linamtiririka. "Shangazi gani, na baba yake hana dada hata wa kuazima? Yule ni mama yake mdogo. Rekebisha."

"Mama, si wote wanamjua?"

"Ndiyo maana wanacheka. Rekebisha."

Kipaza atarekebisha. Kisha Bi Mkubwa ataingia, atakaa kwenye kile kigoda cha pembeni, atachemshiwa chai, na watapiga soga mpaka jua lipoe. Kipaza alikuwa akimlalamikia mumewe kwamba wenzake wanaletewa na mama zao mikate ya moto, yeye analetewa aibu. Mumewe, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache na mikono myeusi kwa grisi, alikuwa akimjibu, "Na wiki asipokuja?" Wiki mama asipokuja, chai ya jioni haikuwa na ladha. Tusidanganyane, baada ya baba kufariki, makosa mengine yalikuwa yanatoka tu yenyewe, na kama yalikuwa yanasukumwa kidogo, hiyo ni siri ya Kipaza na maiki yake.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Kipaza hakuthubutu kuligusa hewani, si kwa makosa wala kwa utani, nalo ni ua la nyota.

Jirani wa Bi Mkubwa, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Kuku. Jina linajieleza. Wawili hawa waliolewa msimu mmoja, wakajifungua wakifuatana, wakakaa kibaraza kimoja wakifuma tangu meno yao yakiwa kamili. Na siku moja katika siku hizo za ujana, kutoka kibaraza kile, likatoka ua la nyota: lile ua ambalo leo liko juu ya kila kochi, kila redio, kila stuli kisiwani, mpaka meza ya daktari wa zahanati. Aliyelibuni nani? Bi Mkubwa anaapa ni yeye. Mama Kuku anaapa ni yeye. Mwenyekiti aliwahi kuuliza kwa nia njema kwenye hafla ya shule, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakukuwa na nyumba mchangani iliyomkaribisha chai. Wanawake hao walikuwa wanaazimana chumvi, wanauguzana, mmoja akilazwa mwingine hali chakula, lakini ukitaja ua lile unawakuta kila mmoja ameangalia upande wake. Watu walijifunza kufunga midomo.

Hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa yakienda, mpaka Bwana Hewa alipopiga simu.

Bwana Hewa ni yule kijana wa idara ya hali ya hewa huko mjini, ng'ambo ya maji. Hawajawahi kuonana na Kipaza, ila walikuwa wakitaniana kila siku kwenye simu kama mtu na shemeji yake. Akisema kutakuwa na mvua, Kipaza atamwambia ailete na ndoo. Siku hiyo hakutania. Alimwita dada.

"Dada, hiki kinachokuja si cha kupita," alisema. "Nimekikodolea macho tangu jana nikiomba kigeuze njia. Hakigeuzi. Kimewashika nyie katikati."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Sijawahi kukiona kama hiki tangu nianze kazi. Nakwambia ukweli, visiwa vidogo ndivyo vinavyonikosesha raha. Hapa mjini watu watapakia magari waende bara. Nyie mtakimbilia wapi?"

"Juu," alisema Kipaza. "Tuna kilima na shule ya zege."

"Basi pandeni. Kesho mchana bahari itaingia kule chini. Mchangani asibaki mtu, dada. Nasema asibaki hata mmoja."

Kipaza alikata simu. Kisha akawasha mitambo, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia tangazo lake lisilo na kicheko ndani. Jiko moja baada ya jingine likazimwa. Kufikia alasiri kilima kilikuwa kinatembea: magodoro yanapanda vichwani, masufuria yanagongana, bibi mmoja amebebwa mgongoni na mjukuu wake huku anamwelekeza pa kukanyaga, mtu amebeba televisheni amesahau viatu. Walimu walipanga madarasa: hili la wagonjwa, hili la wenye watoto wachanga, hili la wanaokoroma. Wavuvi walivuta boti mpaka uwanja wa mpira wakazifunga kwenye magoli. Kila nyumba ya mchangani ilifungwa mlango ikaachwa. Isipokuwa nyumba zile mbili.

Kipaza alishuka mwenyewe. Alimkuta mama yake kibarazani, uzi mapajani, utadhani ni siku ya kawaida.

"Mama, twende. Nimekutandikia kwangu, na kikizidi tutahamia shuleni."

"Nimekusikia ukitangaza. Umetangaza vizuri. Sikuona kosa."

"Kwa hiyo twende."

"Niende wapi? Kimbunga cha kipindi kile ulikuwa mdogo, hukumbuki. Watu walipanda wote, baba yako akasema nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, haiendi mahali. Tukakaa. Asubuhi tukaamka, bati hata moja halijatoka."

"Bwana Hewa anasema hiki si kama kile."

"Bwana Hewa ameshika zege la baba yako?"

Kipaza alitaka kulia, akajizuia. Alimjua mama yake. Ukimlilia anakufuta machozi, anakupa maji ya kunywa, na msimamo wake unabaki pale pale. Akajaribu njia nyingine. "Na Mama Kuku?"

Bi Mkubwa alishusha sauti. "Huyo ndiye sasa. Nikiondoka mimi kwanza, atakuwa na la kusema mpaka tuzikwe."

Kipaza akapita upande wa pili. Mama Kuku alikuwa analisha kuku wake jioni jioni. "Mimi, mwanangu, sina tatizo," alisema. "Mama yako akitoka, natoka. Ila siwezi kumtangulia. Utanionaje?"

Loo. Watu wazima wenye wajukuu, wamekaliana mlangoni wanasubiriana kama wanaocheza. Kipaza alipanda kilima akiwa amekasirika na ameogopa, na hasira ndiyo iliyomharakisha.

Asubuhi upepo ulianza kusukuma milango. Mbingu ilikuwa na rangi ya maji ya kufulia. Fundi alishuka kwenda kumleta mama mkwe wake, akiwa ameapa kwamba atambeba ikibidi. Alirudi amebeba kiti.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Kipaza.

"Amesema mguu wa kiti hiki umelegea, niutengeneze kabla mvua haijaanza."

"Na wewe ukachukua kiti?"

"Ungemwambiaje?" alisema Fundi, na kwa kweli hakuna mkwe duniani aliye na jibu la hilo. Mwenyekiti naye alishuka, kofia mkononi, maneno matamu mdomoni. Alinyweshwa chai, akashukuriwa kwa kuwajali wazee, akasindikizwa mpaka njia panda. Kubebana kwa nguvu kulizungumzwa, kukaachwa. Bi Mkubwa alikuwa amesema wazi kwamba atakayemgusa atajua kwa nini sindano ya kufumia ina ncha.

Kipaza akajifungia chumbani kwake. Kutoka dirishani aliona bahari. Ilikuwa imevimba, nyeupe mpaka mbali, na mawimbi yalikuwa yanalamba zile ngazi za gati ambazo siku zote huwa kavu. Alikohoa. Akawasha. Akatangaza tena: waliobaki mchangani wapande sasa hivi. Akasubiri. Njia ya kilimani ilikuwa tupu. Akatangaza tena kwa kubembeleza, akasema, "Mama, nakuomba," hewani, kisiwa kizima kinasikia, na wanawake kule shuleni wakashika vifua. Njia ilikuwa tupu vilevile. Bila shaka kule chini mama yake alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, binti yangu anatangaza vizuri, hakosei.

Hakosei. Hapo ndipo Kipaza alipoinua kichwa.

Aliangalia mlango. Yale maandishi ya baba yapo upande wa nje, lakini aliyajua yalivyokaa. Baba aliyekalia kiti hiki miaka yote ile bila kusema uongo, hata alipobembelezwa, hata alipotishwa. "Nisamehe, Baba," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akabonyeza kizibo cha chupa.

"Tangazo," alisema, na sauti ilikuwa kavu, ya ofisi. "Ofisi hii imefanya uchunguzi wa kina kuhusu kitambaa cha ua la nyota. Imethibitika bila shaka yoyote kwamba ua hilo lilibuniwa na Mama Kuku, yeye peke yake. Bi Mkubwa alifundishwa na Mama Kuku, tena kwa shida, maana mkono wake ulikuwa mzito kuelewa. Habari hii itaandikwa kwenye ukuta wa shule kwa kumbukumbu ya vizazi vijavyo. Mwenye kusahihisha, aje mwenyewe."

Akazima.

Kule shuleni, wanavyosimulia, hata watoto waliokuwa wanalia walinyamaza. Mwenyekiti alikaa chini. Bibi yule aliyebebwa mgongoni aliuliza kama amesikia vizuri, akaambiwa amesikia vizuri, akajifunika kanga usoni. Fundi aliingia chumbani mbio, kiti cha mama mkwe bado kiko mkononi.

"Mke wangu," alisema, "umejitafutia."

"Nyamaza. Angalia njia."

Waliangalia njia. Mvua ilianza kupiga dirisha kwa ubavu. Wakaangalia. Kipaza alijua mama yake huchukua muda gani kuvaa viatu akiwa na hasira, na muda huo ulipita. Vipi kama upepo umekata waya wa nguzo ya mwisho? Vipi kama kipaza cha mchangani kilikuwa kimya muda wote, na yeye amemtukana mama yake mbele ya kisiwa kizima, mama amekaa kibarazani hajasikia kitu, na maji yanakuja? Alibana kiganja cha mumewe mpaka Fundi akakunja uso, lakini hakukitoa.

Kwanza ulitokea mwavuli uliopinduka ndani nje. Chini ya mwavuli akatokea Bi Mkubwa, mkoba kwapani, gauni limemganda miguuni, anapanda kilima kile kiguu na njia kama msichana anayewahi boti. Na nyuma yake kidogo, akiwa amelowa chepechepe, tenga la kuku kichwani, akatokea Mama Kuku, anatabasamu masikio kwa masikio. Alikuwa anakuja kusikia lirudiwe.

Kipaza aliketi ghafla.

Bi Mkubwa alisimama mlangoni, mahali pake, kwenye mvua. Alikuwa anahema. Alifungua mkoba akatoa kitambaa kimoja kilichokunjwa, cha zamani sana, kimekuwa cha rangi ya chai.

"Cha kwanza kabisa hiki hapa," alisema. "Kabla huyu hajajua hata kushika sindano. Nani kakwambia upuuzi ule?"

"Mama, ingia ndani."

"Siingii. Rekebisha."

"Rekebisha nini?" alisema Mama Kuku kutoka nyuma. "Ofisi imechunguza."

Kipaza alibonyeza kizibo. Hakikutoka kitu. Alibonyeza tena, akapuliza maiki, kimya. Wote wanne wakageuka kuangalia chini, na wakaona kwa nini. Nguzo ya gatini ilikuwa imelala. Ile ya mchangani ilikuwa bado imesimama, lakini imesimama majini. Bahari ilikuwa imepita katikati ya nyumba zote mbili bila kubisha hodi, na mlango wa Bi Mkubwa, ule wa mbao nzito, ulikuwa unaelea kuelekea sokoni.

Bi Mkubwa aliangalia kwa muda. Mwavuli ukamtoka mkononi, upepo ukauchukua, hakuufuata kwa macho.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, Mama."

"Kwa hiyo si kweli?" aliuliza Mama Kuku. Tabasamu lilimshuka taratibu, maji yanamdondoka puani, kuku wanalia kichwani. Fundi alimshika mkono mmoja, Kipaza akamshika mama yake, wakapanda ile sehemu iliyobaki mpaka shuleni wakiwa wameinama.

Kimbunga chenyewe sitakieleza sana. Aliyewahi kukisikia anakijua, na ambaye hajakisikia namwombea asikisikie. Kilipiga ile shule kwa mchana mzima kama mtu anayedai kitu chake. Watu waliketi sakafuni wamebanana, wakaimba walipoweza, wakanyamaza waliposhindwa. Bi Mkubwa alikaa ameegemea ukuta, na Kipaza alikaa pembeni yake, hasogei. Upande wa pili alikaa Mama Kuku, amekumbatia tenga lake.

Hatimaye Bi Mkubwa alisema, karibu na sikio la binti yake, maana kelele zilikuwa nyingi, "Baba yako hakuwahi kusema uongo kwenye chombo kile."

"Najua."

"Hata siku moja."

"Najua, Mama. Nisamehe."

Bi Mkubwa alikamua pindo la gauni lake. "Mkono mzito," alisema. "Hilo la mkono mzito ulilitoa wapi?" Na bati moja lilipong'oka kwenye ofisi ya walimu kwa mlio mbaya, alinyoosha mkono wake upande wa pili akamshika Mama Kuku, na hakumwachia mpaka upepo ulipokata.

Asubuhi ilikuwa safi, ya jua, inatia hasira kwa uzuri wake. Watu walihesabiana nyumba kwa nyumba, darasa kwa darasa. Hakukosekana mtu. Walirudia kuhesabu kwa kutoamini, na wanaume wazima wakageukia ukutani kufuta macho. Simu ya Bwana Hewa ilipopatikana, alipokea kabla haijaita vizuri.

"Dada?"

"Tupo wote."

Kipaza alimsikia anapumua, kisha akamsikia analia, kisha akamsikia anawaambia wenzake ofisini kwa sauti kwamba na wale wapo, na wale pia wapo. Visiwa vingine vilikuwa vimekwisha kupiga. Chao ndicho kilikuwa cha mwisho kusubiriwa.

Mchangani walishuka mchana. Nyumba ya Mama Kuku haikuwepo, na banda lake la kuku halikuwepo, na wale kuku ambao hawakuenea kwenye tenga hawakuwepo. Ya Bi Mkubwa ilikuwa imebaki kibaraza, basi, kibaraza kitupu katikati ya mchanga, cheupe, hakina hata ufa. Bi Mkubwa alikipanda. Alisimama pale alipokuwa akikaa na uzi wake, akatazama pale palipokuwa chumba chake cha kulala, sasa pana mwani na kiatu cha mtu. Kama si ule uongo, angekuwa mle ndani. Kipaza alilifikiria hilo, akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti mbele za watu.

"Usilie," alisema mama yake. "Baba yako alijua kuchanganya zege, ila mchanga mzuri aliutia wote kwenye kibaraza." Kisha na yeye akakaa juu ya kibaraza chake akalia, na Mama Kuku akakaa pembeni yake, mahali pake pa ujana.

Bi Mkubwa alihamia kwa Kipaza, kwenye ile nyumba iliyo nyuma tu ya chumba cha matangazo. Mama Kuku alipewa chumba kwa mwalimu mkuu. Fundi na wenzake walisimamisha nguzo moja, kisha nyingine, wakaunganisha waya kwa waya, na jioni moja wakamwambia Kipaza ajaribu.

Alikuwa amejiandaa. Tangu siku ile hakuwa na amani na kiti kile. Alitaka kutangaza yote, halafu mwisho amwite mama yake, asimame mlangoni kama utaratibu unavyotaka, na uongo ule ufutwe hewani kisiwa kizima kinasikia. Akakohoa. Kilima kizima kilisimama kusikiliza, na watu wengine walipiga makofi kwa kile kikohozi tu. Alitangaza maji ya kunywa yanapatikana wapi. Alitangaza mbuzi yule ameonekana, yuko nyuma ya zahanati. Alitangaza boti ya mabati inafika leo jioni, wenye nguvu wajitokeze gatini.

Kabla hajaendelea, kivuli kikaziba mlango. Mama yake alikuwa ametoka mlango wa nyuma wa nyumba, ambao uko hatua chache tu kutoka kwenye kiti cha Kipaza, akazunguka jengo lote, akaja kusimama mbele, kwenye yale maandishi ya buluu. Alikuwa na kile kitambaa cha zamani mkononi.

"Nimekuja kusahihisha," alisema.

Kipaza alimsogezea maiki. "Sema, Mama. Tupo hewani."

"Umesema boti ya mabati inafika leo jioni. Mume wako kasema kesho asubuhi. Watu watakesha gatini wanapigwa na baridi bure. Rekebisha."

Kipaza alirekebisha. Kisha akafunika maiki kwa kiganja, soksi na yote.

"Na lile lingine, Mama?"

Kutoka dirishani kilionekana kibaraza cha shule. Mama Kuku alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha kuazima, wasichana na dada zao wakubwa wamemzunguka, kila mmoja na uzi wake wa msaada, na yeye ameinua sindano juu anawaonyesha linavyoanza: hapa katikati, mnaona, hapa ndipo nilipoanzia mimi mwenyewe. Sauti yake ilikuwa inafika mpaka pale. Bi Mkubwa aliigeukia, akaisikiliza vizuri, sikio limesimama kama zamani.

Halafu akaingia ndani. Aliinua amplifaya upande mmoja, akachomoa kile kitambaa kilicholowana na kuchafuka, akatandika hiki cha rangi ya chai mahali pake, akakinyoosha pembe.

"Lingine lipi?" alisema, akavuta kigoda chake. "Hiyo chai unaichemsha lini?"